UZI: Rula ije mwisho. Namna ya kumfundisha mtoto mdogo kulinganisha na kupima urefu

Chaki Mkononi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha awali na darasa la kwanza. Uzi huu ni wa walimu wenzangu na wazazi wenye watoto wa miaka minne hadi minane.

Fanya jaribio hili leo. Chukua penseli ya sentimita 9, ilaze juu ya rula ianzie kwenye alama ya 3, kisha muulize mtoto wa darasa la tatu ina urefu gani. Wengi watajibu 12, kwa sababu ndiyo namba iliyo kwenye ncha. Wengine wataanza kuhesabu kwa kidole kutoka alama ya 3 hadi ya 12, wapate 10. Wa kwanza anaamini kupima ni kusoma namba ambayo kitu kimeishia. Wa pili amehesabu mistari, wakati kinachohesabiwa ni nafasi zilizo kati ya mistari. Mistari ni 10, nafasi ni 9. Na wote wawili huenda wanapata vema kila siku, maana kitabuni penseli zote zimechorwa zikianzia kwenye sifuri.

Ndiyo maana nasema rula ije mwisho. Ndani ya rula kuna mawazo mengi yamefichwa, na mtoto anastahili kuyapitia moja moja kwa mikono yake kabla ya kukabidhiwa kifaa chenyewe.

Tuanze na kulinganisha, bila namba yoyote. Weka vijiti viwili vilivyo sawa mbele ya mtoto wa miaka mitano, ncha zikiwa zimelingana. Atakubali kwamba vinalingana. Sasa sukuma kimoja mbele kidogo, yeye akiangalia. Wengi wa umri huo watakuambia kile kilichosukumwa kimekuwa kirefu. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza watoto wanavyofikiri, aliandika sana kuhusu jambo hili. Mtoto anatazama ncha moja tu, ile iliyotangulia, na ile iliyorudi nyuma haioni. Ukimwambia "umekosa" hujamsaidia. Mwambie arudishe kijiti mahali pake, akisogeze tena, halafu muulize: upande huu kimezidi, na upande ule je? Mwache abishane na mwenzake. Wengine hawatakubali siku hiyo, na si lazima wakubali siku hiyo.

Kutoka hapo ndipo unapomwonyesha mstari wa kuanzia. Chora mstari mmoja ardhini kwa kijiti na kila kitu kinacholinganishwa kianzie hapo. Watoto wanaielewa haraka, kwa sababu kwenye mbio hakuna anayekubali mwenzake aanzie mbele. Walinganishe majani ya muhindi, mikanda, vijiti, nyayo zao. Wazoeshe kusema sentensi nzima: "Kijiti changu ni kirefu kuliko chako." Mtoto wa awali kila kitu anakiita kikubwa, na ukimwachia hivyo hutajua kama anazungumzia urefu, unene au uzito.

Kisha lete kamba. Chukua kamba mbili, iliyo ndefu uikunjekunje kama nyoka, iliyo fupi uinyooshe, uulize ipi ndefu. Watachagua iliyonyooka. Usijibu. Wape wazinyooshe wenyewe. Somo hili ndilo huchangamsha darasa langu kuliko mengine yote ya vipimo, na lina faida ya mbali: siku watakapoambiwa wapime njia yenye kona, watakumbuka kwamba urefu wa njia ni ule anaoutembea sisimizi, sio umbali wa kukata moja kwa moja.

Kupanga vitu vitatu au vitano kutoka kifupi hadi kirefu ni kazi nyingine. Maria Montessori aliwatengenezea watoto fimbo 10 nyekundu kwa ajili hiyo, fupi kabisa ina sentimita 10 na ndefu kabisa ina mita 1, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa sentimita 10. Huhitaji kununua. Mabua ya mtama na kisu vinatosha. Ila usiishie kwenye kupanga. Wakishapanga, mpe mtoto bua la ziada alichomeke mahali pake katikati ya safu. Hapo lazima afikiri mambo mawili kwa pamoja, kwamba bua hilo ni refu kuliko la kushoto na papo hapo ni fupi kuliko la kulia. Wapo wanaopanga vizuri kabisa halafu hapo wanakwama.

Halafu vitu visivyoweza kukutana. Je, meza hii itapita mlangoni? Meza haibebeki na mlango haung'oki. Waache wafikiri kabla hujatoa kamba. Siku mtoto mmoja atakapotanua mikono kwenye meza na kutembea nayo hivyohivyo mpaka mlangoni, ujue darasa limeingia kwenye kupima. Kamba ni ile mikono iliyotanuliwa, tofauti yake ni kwamba yenyewe haichoki njiani.

Baada ya hayo yote ndipo tunahesabu. Kata vijiti vingi vinavyolingana, wavipange kando ya dawati kutoka ukingo hadi ukingo. Hapa utaona wanaacha mapengo, wanalaza kimoja juu ya kingine, safu inapinda, wanachanganya virefu na vifupi. Kundi moja litasema dawati lina vijiti 11, jingine 14. Andika majibu yote ubaoni bila kusema lipi sahihi, uwaulize dawati moja linawezaje kuwa na urefu wa aina mbili. Sababu watazitafuta wenyewe, na kanuni wakizitunga wao wanazilinda kuliko ukizitunga wewe.

Wakishazoea, wanyang'anye. Mpe kila mtoto kijiti kimoja tu. Sasa atahitaji kukilaza, kuweka alama kwa kidole, kukihamisha, na kukumbuka hesabu yote hiyo kichwani. Ni kazi nzito kwa mtoto wa miaka sita, naomba tusiione ndogo. Hilo litamwonyesha kwa nini mtu alifikiria kuchora vijiti vyote kwenye ubao mmoja na kuviandikia namba. Rula ndiyo hiyo.

Karibuni. Nataka hasa kusikia wanaofanya tofauti.

Mama Wawili

Asante mwalimu, nimesoma yote. Nimemfanyia wa kwangu wa chekechea ile ya vijiti viwili, kweli kasema kile kilichosogea ni kirefu! Nikasogeza kingine akabadili jibu. Nina wasiwasi, je, ana tatizo?

Chaki Mkononi

Hana tatizo lolote dada, yuko palepale umri wake ulipo. Usimkaririshe jibu. Mpe nafasi nyingi za kulinganisha nyumbani. Mwambie alete mwiko mrefu kuliko huu. Mkianika nguo, aangalie kanga ipi imeshuka chini zaidi, na kama zote zimeanikwa usawa mmoja. Hilo la usawa ndilo mstari wa kuanzia kwa mlango mwingine.

Darasa la Tisini

Mwalimu, naheshimu ulichoandika ila nizungumze ukweli wa tuliopo vijijini. Nina watoto zaidi ya 90 kwenye chumba kimoja, kipindi ni dakika chache, na mtihani utauliza sentimita na meta. Hakuna atakayeuliza dawati lina mabua mangapi. Nikitumia wiki mbili kwenye kamba na nyoka, mkaguzi akifungua andalio la somo ataniuliza niko wapi. Mimi nachora rula ubaoni, nawaonyesha sifuri, nawaambia anzeni hapa, tunafanya mifano, tunaendelea. Na wanafaulu.

Chaki Mkononi

Mkuu, 90 si mchezo, na sitakuambia uyafanye ninayofanya mimi mwenye wachache. Lakini somo hili ni miongoni mwa machache ambayo uwanja unayabeba vizuri kuliko chumba. Watoe nje kwa makundi ya sita sita, kila kundi lichore mstari wake kwenye vumbi. Vijiti wanaokota wenyewe, na wakubwa wa darasa la sita wanaweza kuvikata kwa urefu mmoja siku moja kabla. Gharama yake ni hiyo tu.

Kuhusu mtihani, angalia maswali ya darasa la tatu na la nne. Mstari unaoanzia kwenye 2 na kuishia kwenye 7. Mzunguko wa umbo ambalo pande zake hazikuandikwa zote. Kubadili meta kuwa sentimita. Aliyekaririshwa "anza kwenye sifuri" anaanguka kwenye swali la kwanza kati ya hayo. Kubadili vipimo nako kunasimama juu ya jambo la vijiti: kipimo kikiwa kifupi, namba inakuwa kubwa. Kabla hujapima dawati kwa vijiti vifupi, waulize watapata namba kubwa au ndogo kuliko ile ya vijiti virefu. Wengi watasema ndogo, kwa sababu vijiti ni vidogo. Acha wapime waone. Aliyeshangaa hapo hatazidisha mahali pa kugawanya atakapofika kwenye kilometa.

Na hiyo ya kuwaambia "anzeni kwenye sifuri", iongezee swali moja: sifuri iko wapi? Rula nyingi zina kipande kitupu kabla ya alama ya sifuri. Watoto wanaanzia kwenye ukingo wa plastiki. Wengine wanaanzia kwenye 1, kwa sababu tangu wajifunze kuhesabu tumewaambia tunaanza na moja.

Fundi Mbao

Mimi si mwalimu, ni seremala, lakini mada hii inanihusu kwa sababu vijana wanakuja karakana wamemaliza shule na kupima hawajui.

Futi yangu ya chuma, yaani ile tepu ya kupimia, ikizeeka, ile ncha yenye kibati inapinda na siiamini tena. Nikitaka kipimo cha uhakika naanzia kwenye 10, nikimaliza natoa 10. Mafundi wengi wanafanya hivyo. Kijana mgeni akiona anashangaa, ananiambia fundi umekosea, mwanzo ni huku. Nikimweleza anaitikia kwa kichwa, kisha anakata mbao imezidi sentimita 10 kwa sababu amesahau kutoa. Huyo ndiye mtoto wako wa penseli, mwalimu, ameshakuwa na ndevu.

Jambo la pili, kile kibati cha mbele kinacheza kidogo. Wapo wanaokigonga na nyundo kisicheze, wakidhani kimelegea. Kimetengenezwa hivyo makusudi. Ukikivuta kwenye ukingo wa mbao kinatoka nje, ukikisukuma ndani ya kabati kinarudi, na tofauti yake ni unene wa kibati chenyewe. Ukikigongea, kila kipimo cha ndani au cha nje kitakudanganya.

Na nikikata miguu minne ya meza sipimi mara nne kwa futi. Napima mmoja, nakata, huo ndio unakuwa kipimo cha mitatu iliyobaki. Ukimaliza mmoja usitumie wa pili kupima wa tatu, rudi kwenye ule wa kwanza kila mara, la sivyo kosa linakua kidogo kidogo na meza inacheza.

Chaki Mkononi

Fundi, nakushukuru sana. Hiyo ya miguu ya meza ndiyo kamba ya meza na mlango, na nitaipeleka darasani ilivyo.

Mjukuu wa Pate

Assalaam aleikum. Naona mmezungumza vijiti na kamba, nami nawakumbusha kwamba sisi tuna vipimo vya mwili ambavyo wazee wetu walinunulia nguo na kujengea majahazi. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikitanuliwa. Shibiri mbili ni mkono mmoja, yaani dhiraa, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole. Mikono miwili ni wari. Wari mbili ni pima, mikono yote ikinyooshwa kulia na kushoto. Kwa hiyo pima moja ni shibiri nane.

Mtoto akifundishwa hili ana kipimo ambacho hakisahau nyumbani. Na ubishi unakuja wenyewe, kwa sababu shibiri ya baba si ya mtoto. Kwenye biashara ya nguo ulikuwepo ubishi mwingine: mkono kamili ulifika ncha ya vidole, mkono konde uliishia kwenye ngumi. Muuzaji na mnunuzi ilibidi waelewane kwanza ni mkono upi.

Watoto wangu niliwafanyia hivi: walale chini, tuweke alama kichwani na kisiginoni, kisha wapime pima yao juu ya alama hizo. Pima ya mtu hukaribiana na kimo chake. Wakaenda kuwapima jirani wote.

Mwalimu wa Nakuru

Hamjambo kutoka Kenya. Kwetu mtaala wa umilisi umeweka mpangilio unaofanana na wa mleta uzi. Gredi ya kwanza wanalinganisha urefu moja kwa moja, kisha wanapima kwa vitu visivyo na kipimo maalumu, hatua na viganja. Mita na sentimita zinafuata baadaye. Kwa hivyo kwenye karatasi tuko sawa. Shida ninayoiona ni walimu kukimbia hatua hiyo: watoto wanapima dawati kwa viganja mara moja, wanaandika 6, mwalimu anaweka alama ya vema, kesho ni mada nyingine. Hakuna aliyeuliza kwa nini Kiprono alipata 6 na Wanjiku akapata 8.

Swali langu kwa mleta uzi. Kuna wanaosema vipimo hivi vya mwili vinamchanganya mtoto, kwamba bora aanze na kipimo kimoja kinacholingana kwa wote. Wewe unaonaje?

Chaki Mkononi

Swali zuri mwalimu, na nina msimamo. Vijiti vinavyolingana vitangulie, viganja na nyayo vifuate. Nyayo na viganja ni vizuri kwa kuzua ubishi, ila ni vibaya kwa kujifunzia mbinu: kiganja kinatanuka na kusinyaa, mtoto anateleza, na asipopata jibu sawa hajui kama tatizo ni mkono wake au ni pengo aliloacha. Akishajua kulaza vijiti bila mapengo, ndipo nyayo zitamwonyesha kile hasa zinachoweza kuonyesha, kwamba tukitaka kuelewana lazima tukubaliane kipimo kimoja.

Hapo ndipo nawasimulia habari ya mita. Mwaka 1791 Wafaransa waliamua kipimo kisitokane na mkono wala mguu wa mtu yeyote, hata mfalme. Wakaamua mita iwe sehemu moja ya milioni 10 ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Wataalamu wawili, Delambre na Méchain, wakatumwa kupima sehemu ya umbali huo kati ya Dunkerque na Barcelona, kazi iliyowachukua miaka kadhaa wakati mapinduzi yanaendelea. Watoto wanapenda sehemu ya ikweta. Nikiwa na tufe la dunia nawaonyesha kwamba mstari huo unapita Kenya na Uganda, karibu na kwetu.

Wakuu wanaofundisha watoto wa mafundi, msisahau pia kwamba nyumbani wanasikia futi na inchi. Mbao ni mbili kwa nne, fundi cherehani anapima kiuno kwa inchi. Tusiwaambie hayo si ya shuleni. Rula yao ya sentimita 30 ina inchi 12 upande wa pili, na tepu ya cherehani ya sentimita 150 ina inchi 60. Wapime daftari kwa pande zote mbili waone namba zinavyotofautiana na daftari likiwa lilelile.

Darasa la Tisini

Nimejaribu nje, makundi ya sita sita. Kelele zilikuwa nyingi ila kazi ilifanyika. Nimeona kwa macho yangu wanavyoacha mapengo, kwenye daftari nisingeyaona. Sasa wanataka rula. Nafanyaje kuwahamisha kutoka vijiti kwenda rula?

Chaki Mkononi

Hongera sana mkuu. Watengeneze rula yao. Kata manila vipande virefu vyembamba, kila mtoto kimoja. Mpe kijiti kimoja kifupi, akilaze kwenye manila, achore mstari mwishoni, akisogeze, achore tena, mpaka afike mwisho. Usimruhusu aandike namba bado. Apime vitu kwanza kwa kuhesabu nafasi. Atachoka kuhesabu upya kila mara, na atakapoomba kuandika namba muulize: namba 1 itakaa wapi? Wengine wataiandika katikati ya nafasi ya kwanza, wengine mwanzoni kabisa. Ongoza mazungumzo mpaka wafikie kwamba 1 inakaa pale nafasi ya kwanza inapokwisha, na mwanzo kuna sifuri kwa sababu hapo bado hujapita nafasi yoyote. Kisha rudia kwa kijiti cha sentimita 1, na siku inayofuata waweke rula ya dukani juu ya waliyotengeneza.

Na rula zilizovunjika usizitupe. Kipande kinachoanzia kwenye 7 ni kifaa bora cha kupimia kama mtoto ameelewa. Mpe kipande hicho na kifutio, umwache afikiri.

Mama Wawili

Mwalimu, la mwisho. Wa kwangu mkubwa alikuwa anapima kitanda kwa kijiti, akafika mwisho kimebaki kipande kisichotosha kijiti kizima. Akaniuliza aandike ngapi, nikakosa la kumwambia.

Chaki Mkononi

Kwa sasa mwache aseme "vijiti 12 na kidogo", au "zaidi ya 12, pungufu ya 13". Hayo ni majibu sahihi kabisa. Akitaka zaidi, mkunje kipande cha karatasi chenye urefu wa kijiti katikati, aangalie kama kilichobaki kinafika nusu. Asiporidhika na nusu, kikunjeni tena. Ukifika wakati wa rula, mwonyeshe kwamba kila sentimita nayo imegawanywa sehemu 10, na kwamba ziliwekwa pale kwa ajili ya vile vipande vinavyobaki.